Kilwa ya bahari, si ile ya Moero: niliyoyaona nikisubiri kontena

MWANA WA KAMALONDO (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na kila anayesoma hapa usiku umeme ukisharudi.

Mwaka jana nilikuwa Dar es Salaam kutoa kontena. Wakala aliniambia siku tatu. Siku ya tano akasema kuna karatasi moja haijagongwa muhuri. Siku ya nane akaacha kupokea simu. Mimi niko Kariakoo, chumba kinakula dola, na wauza soksi wa mtaa ule wameshaanza kuniita kwa jina. Nikamuuliza mhudumu wa hoteli niende wapi nisije nikachanganyikiwa. Akasema Zanzibar. Nikauliza nauli. Akanitazama viatu, akasema, "Basi nenda Kilwa."

Nilicheka peke yangu. Kwetu sisi Kilwa ni ile ya Ziwa Moero, upande wa Pweto, samaki wa chumvi wanakopakiwa kuja sokoni hapa. (Najua wengi humu jina hilo linawarudisha kwenye mauaji ya Oktoba 2004. Waliofiwa, poleni, uzi huu hauendi huko.) Jina moja, maji mbalimbali. Nikapanda basi Mbagala alfajiri, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na baada ya kilomita zaidi ya 300 nikashuka Kilwa Masoko, magoti yamekakamaa kama ya mzee.

Mjue kwanza kwamba hata huko Kilwa ziko tatu. Masoko ndiko kwenye ofisi na gesti. Kivinje iko kaskazini yake, mji wa wakati wa Waomani na Wajerumani. Na Kisiwani ndiyo kongwe yenyewe, ng'ambo ya mkondo, mwendo wa kilomita mbili hivi majini. Unachukua kibali, unapewa mwongozaji, unashuka gatini.

Mashua yetu ilikuwa na tanga lenye viraka vya gunia la unga, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka. Nahodha kijana, peku, kamba ameishika kwa vidole vya mguu huku mikono inamenya chungwa. Mimi mtoto wa vumbi na mukuba, yaani shaba, nimeshika ubao kwa mikono miwili. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kongo, Lubumbashi. Akasema, "Aa, kwa malori." Basi, hivyo ndivyo tunavyojulikana.

Cha kwanza unachokiona ni Gereza, boma kubwa ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512. Hilo linaloonekana leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Mwongozaji akasema neno lenyewe "gereza" limetoka kwa Wareno, kwao lilikuwa kanisa. Nikamwambia kwetu tunasema buloko, na sisi tulipewa na Wabelgiji. Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya kidogo.

Halafu msikiti mkuu. Hapa nilikaa mpaka mwongozaji akaenda kulala chini ya mbuyu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ilianza kujengwa karne ya 11, ndogo, ya kawaida. Ile ya kusini iliongezwa karne ya 14, ikabomoka, ikajengwa tena karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane na kuba juu yake, safu kwa safu. Kuba nyingine bado zipo. Ukisimama chini na kusema neno, sauti inakurudia imenenepa. Nikaweka mkono ukutani. Lile jiwe si jiwe, ni matumbawe, ndani yake mna maua madogo madogo kama yaliyochorwa na sindano. Nje, penye birika la kutawadhia, kuna mawe ya duara sakafuni ya kusugulia nyayo. Moja limelika upande mmoja tu. Kuna watu waliosugua mguu uleule pale kwa miaka mingi sana.

Nitaendelea kesho, kuna watu wanataka simu hii.

MAMA BITENGE

Baba, umetuacha kwenye kutawadha! Endelea. Na kontena je?

MWANA WA KAMALONDO

Mama, kontena tuliache kwanza, linanipandisha presha.

Wewe hasa hii itakufaa. Watu wa pale wana kisa chao cha asili, kimeandikwa katika tarikh, yaani vitabu vya historia, za zamani, za Kiarabu na za Kiswahili. Wanasema alikuja Mshirazi, Ali, akakuta kisiwa kina mwenyewe, mkubwa mmoja wa bara. Akamwomba amuuzie. Mwenyewe akasema: lete nguo za kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitandaza, akakizunguka, akapewa. Huyo ndiye waliyemwita Nguo Nyingi. Yule mkubwa alipojuta akataka kurudi kukichukua wakati maji yamekupwa, akakuta mkondo umekuwa wa kina, hauvukiki tena kwa miguu. Wengine husema kwa kuchimba, wengine kwa kisomo.

MAMA BITENGE

Eee! Kisiwa kizima kwa bitenge! Na mimi nina marobota manane dukani, nionyesheni kisiwa. Lakini niseme ukweli wa mfanyabiashara: huyo wa bara hakupunjwa. Nguo ya kuzunguka kisiwa ni mali. Kilichomshinda ni maji.

FUNDI TOFALI

Kuhusu lile jengo. Chokaa waliipata wapi? Hapa tukikosa simenti siku mbili tu, kazi inasimama.

FOLENI KASUMBALESA

Hodi humu. Mimi ni dereva, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, hivi sasa nipo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku ya tatu foleni haijasogea, nimeona jina la kwetu nikasema nisipite kimya.

Fundi, chokaa ni matumbawe hayohayo. Unapanga magogo ya mikoko duara, unayapandisha kama kichuguu, juu unamwaga vipande vya matumbawe, unatia moto. Yakishaungua unayaacha nje yanyeshewe, yapoe, yalainike miezi. Babu yangu alifanya kazi hiyo. Ukiiharakisha inapasuka ukutani, ikikaa inakuwa kama siagi. Na dari zilikuwa za boriti, miti ya mikoko hiyohiyo. Boriti moja haipiti sana mita tatu, ndiyo maana nyumba za kale vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Chumba kinafuata mti. Walipotaka upana ndipo wakajenga kuba.

Ndugu mwanzisha uzi, umefika Husuni Kubwa?

MWANA WA KAMALONDO

Kaka, karibu sana, foleni hiyo naijua, pole. Nilifika. Ni mwendo kidogo, uko juu ya jabali linaloitazama bahari. Jumba la kifalme la mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, ua baada ya ua, ghala za mali upande wake, ngazi zinateremka mpaka majini. Na katikati ya yote hayo, dimbwi la kuogelea lenye pembe nane. Birika la starehe, juu ya jabali, na maji yabebwe mpaka juu huko! Mwongozaji akasema jumba lenyewe halikukamilika na halikukaliwa muda mrefu. Nikafikiria majumba ya wakubwa wetu hapa, ya kando ya barabara kuu, na vyuma vilivyobaki vinachungulia mbinguni. Nikanyamaza.

Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, waliyemwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta mwenyewe mwaka 1331 na akauandika mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Fedha yake ilikuwa wapi? Dhahabu. Iling'olewa nyanda za Zimbabwe, ikashuka Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Ndiyo maana sarafu ya sultani huyohuyo imeokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 visiwani kaskazini mwa Australia, mchangani! Sarafu zenyewe nyingi ni za shaba, hazina mwaka. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina. Shairi la mstari mmoja mfukoni mwa muuza samaki.

MWALIMU WA KATUBA

Uliposema shaba nikaamka.

Ndugu zangu, msiitazame pwani kana kwamba sisi tulikuwa tumelala. Nendeni makumbusho yetu hapa Lubumbashi, mkaione misalaba ya shaba. Kule Sanga, kwenye Ziwa Kisale, makaburi yalianza kuchimbuliwa na wataalamu mwaka 1957. Wafu walizikwa na vyungu, na mapambo ya shaba, na misalaba. Kadiri karne zinavyosonga misalaba inapungua ukubwa na kuanza kulingana, mpaka ile ya mwisho unaweza kushika mingi kiganjani. Kitu kikishakuwa kidogo na cha ukubwa mmoja, kimeshakuwa pesa. Na Kisale haina mgodi. Shaba hiyo ilitoka kwetu huku kusini ikatembea.

Sasa la kushikamana na uzi: katika makaburi hayohayo ya Sanga zimeonekana simbi, zile kauri za Bahari ya Hindi. Chache, lakini zipo. Hakuna anayesema mtu wa Kisale alifika Kilwa kwa miguu yake. Simbi ilipita mkono kwa mkono, soko kwa soko, kila mmoja akimjua jirani yake tu. Wachoraji wa bendera ya Katanga iliyojitenga 1960 waliweka misalaba mitatu. Simbi walizisahau.

MUTOTO YA BUNKEYA

Ba yaya, minasoma yote, asanti. Lakini bote munasifu tu! Bankambo betu balifungwa minyororo mu shingo, bakapelekwa ku ile bahari, na habakurudia. Leo tunalipa basi tuende kuangalia nyumba ya benye balibauza?

Niandike sasa kile cha shule mnielewe wote. Nyumbani kwetu neno "Mungwana", mtu wa misafara ya pwani, bibi yangu hakulitamka kwa tabasamu. Mnasema dimbwi la pembe nane. Nani alibeba maji?

MWANA WA KAMALONDO

Swali lako ni la haki. Ila tutenganishe nyakati. Kilwa Kisiwani ya fahari ilikuwa ya dhahabu na pembe. Biashara kubwa ya watu ilikuja baadaye: mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kwenda mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne ya 19 kazi hiyo ikahamia Kivinje. Kwa hiyo msikiti ule wa karne ya 11 na ile minyororo si…

MWALIMU WA KATUBA

Simama hapo, ndugu yangu. Umemtaja Ibn Battuta, mtaje mpaka mwisho. Anasimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani huyo nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakasifu. Mwana wa sultani akazichukua tena nguo zile kwa yule fakiri akamlipa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru apewe kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Huo ni mwaka 1331, enzi ya dhahabu yako. Watu ishirini kwa suti moja. Na huyo ndiye baba wa vipawa. Alipokufa akamfuata nduguye Daud, ambaye waombaji wakija aliwaambia: aliyekuwa akitoa amekufa, na hakubakisha cha kutolewa.

MWANA WA KAMALONDO

Mwalimu, umenikamata. Nilikisoma kisa kile zamani nikakumbuka nguo nikasahau watu. Naondoa maneno yangu ya kutenganisha nyakati. Mutoto ya Bunkeya, nani alibeba maji, jibu unalo.

MUTOTO YA BUNKEYA

Asante kwa kukubali. Na mimi nikubali la kwetu kabla hamjanirushia. Mwami Msiri alikuja kutoka kwa Wasumbwa, huko Unyamwezi, akajenga Bunkeya kwa mukuba, pembe na watu, akauza mashariki na akauza magharibi mpaka Benguela, pwani ya Angola. Aliuawa na watu wa Stairs, kapteni aliyetumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tarehe 20 Desemba 1891, na msafara huo uliingia bara kupitia Bagamoyo, njia ileile ya misafara. Kiswahili hiki tunachoandikiana kiliingia nchi hii kwa njia hiyo pia. Siwezi kukitema. Nilitaka tu isiandikwe hadithi ya majengo bila wabeba mizigo.

FOLENI KASUMBALESA

Dada au kaka, sijui, lakini umesema. Sisi wa Kivinje hatufichi. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya kutoka Nyasa. Lakini mji huohuo una Mwembe Kinyonga, walikonyongewa watu waliowakataa Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Miaka kumi baadaye vilima vya Wamatumbi nyuma yetu ndiko Maji Maji ilikowakia, na mganga wake Kinjikitile akanyongwa Mohoro mwezi wa nane 1905. Bibi yangu alipita pale Mwembe Kinyonga kila siku akienda sokoni, akifika hupunguza mwendo, hasemi kitu.

FUNDI TOFALI

Swali la mwisho la ujinga: mwisho wa mji ule wa Kisiwani ulikuwa nini? Walihama?

MWANA WA KAMALONDO

Si la ujinga. Kwanza Vasco da Gama mwaka 1502 alimtishia mtawala, Amir Ibrahim, mpaka akatoa ushuru wa dhahabu. Dhahabu hiyo ikapelekwa Lisbon ikafuliwa monstransi ya Belém, ya mwaka 1506, ipo makumbusho ya huko mpaka leo. Wakatoliki wenzangu, fikirieni: Ekaristi inaonyeshwa ndani ya dhahabu ya Kilwa. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Almeida, akaja na merikebu akauteka mji. Njia ya dhahabu ikageuzwa. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji kutoka bara, wakaushambulia, wakaua watu wengi. Ukainuka tena karne ya 18, jumba la Makutani ni la wakati huo, lakini kwa ile biashara tuliyoisema. Miaka ya 1840 Waomani wakamwondoa sultani wa mwisho.

Lakini "walihama" si kweli. Kuna kijiji palepale. Watoto wanacheza mpira kati ya kuta, nyavu zimeanikwa, mama anaanika muhogo nje ya uwanja wa watu waliokuwa na bakuli za China. Mwongozaji wangu alizaliwa hapo.

Unesco waliuorodhesha mwaka 1981 pamoja na magofu ya kisiwa jirani, Songo Mnara. Mwaka 2004 ukawekwa kwenye orodha ya hatari kwa sababu bahari inaila ile Gereza kwa chini na kuta zinaanguka. Wakajenga kinga ya mawe, wakapanda mikoko, mafundi wa kijijini wakafundishwa tena chokaa. Mwaka 2014 ukatolewa humo.

MAMA BITENGE

Na hao Washirazi walikuwepo kweli au ni watu kujipandisha?

MWALIMU WA KATUBA

Mama, miaka mingi wasomi walisema yote ni majivuno. Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Kwa wengi wao nusu au zaidi ya nasaba ni ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama. Sehemu kubwa nyingine ni ya Asia, na hiyo zaidi ni ya wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo Nguo Nyingi alikuja, ila alikuta wenyewe, akaoa, na watoto wakasema lugha ya mama zao. Ukitaka ushahidi, soma uzi huu uhesabu maneno ya Kiajemi.

MAMA BITENGE

Nimeelewa. Mwezi ujao naenda Dar kuchukua mzigo, nitapita. Sasa sema la kontena.

MWANA WA KAMALONDO

Lilitoka siku ya kumi na tisa, Mama. Nilirudi Kariakoo nikamkuta wakala amekaa hotelini ananingoja, eti amenitafuta sana. Ukienda, beba maji ya kunywa na kofia, na uvuke asubuhi. Mchana upepo unageuka, nilirudi nimelowa mpaka pasipoti.

FOLENI KASUMBALESA

Muulizeni nahodha maji yanakupwa saa ngapi, msitegemee simu.

Mwalimu, hizo simbi za makaburini zikoje? Kwenye kioo cha lori langu zinaning'inia tatu, mama yangu alizifunga nilipoanza safari za Kongo. Za ufukweni kwetu.

MWALIMU WA KATUBA

Nyeupe, mgongo umevimba, mdomo wa meno meno?

FOLENI KASUMBALESA

Ndizo.

MWALIMU WA KATUBA

Ukiingia mjini nitafute humu. Twende nazo makumbusho, nataka kuiona moja karibu na ile misalaba, hata kama ni nje ya kioo.

FOLENI KASUMBALESA

Inshallah Jumamosi. Wameanza kuwasha injini mbele yangu, ngoja niende.